Maktaba ya Muziki Isiyohitaji Bando

Katika Jiji la Mwanza, na katika miji, mialo na visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, muziki mwingi unaosikika mitaani, ndani ya vyombo vya usafiri na kwenye kambi za wavuvi hautoki redioni wala mtandaoni. Hutoka kwenye kifaa kilichobeba nyimbo zilizogeuzwa kuwa faili za kompyuta, ambacho chenyewe hakihitaji kompyuta ili kizipige. Kifaa hicho huweza kuwa redio ndogo ya flashi yenye betri ya kuchaji. Huweza kuwa sabufa, yaani seti ya spika yenye spika moja kubwa ya besi pamoja na tundu la flashi na la memori kadi. Na kwa mwenye hazina kubwa zaidi, huwa ni diski kuu, ambayo madukani huitwa hadi diski, iliyounganishwa na deki au kisanduku kidogo kinachosoma faili na kuzipeleka kwenye spika au runinga. Mpangilio huu umezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuandikwa, ingawa ndani yake mna swali zito kuhusu historia ya muziki wa Kanda ya Ziwa: nyimbo zimehamishwa kwa wingi kutoka kwenye santuri, kanda na kaseti, lakini majina ya waliozitunga, ya waliozipiga na ya mahali zilikorekodiwa mara nyingi yameachwa nyuma.

Kabla ya zama za faili, muziki uliorekodiwa uliwafikia wakazi wa ufukwe huu kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyofahamika kwa kifupi kama RTD, ambayo kwa miongo kadhaa baada ya uhuru ilikuwa mtangazaji wa taifa na wakati huohuo studio kuu ya bendi za nchi nzima. Bendi zilisafiri hadi Dar es Salaam, zikarekodi kwenye kanda kubwa za tepu, na nyimbo zikabaki mikononi mwa redio ambayo ndiyo iliyoamua zipigwe lini. Njia ya pili ilipitia Nairobi, kwa sababu viwanda vya kupiga chapa santuri vilikuwa huko, na kwa hiyo muziki wa Watanzania wengi ulirudi nyumbani ukiwa na nembo ya kampuni ya Kenya. Ufukwe wa ziwa ulikuwa na sababu yake ya ziada ya kuitazama Nairobi: mwanamuziki D. O. Misiani, aliyepata sifa Kenya kama nguzo ya benga, yaani mtindo wa gitaa la kasi uliokomaa miongoni mwa Wajaluo, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara, na bendi yake ya Shirati Jazz ilibeba jina la mji wa Tanzania hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 2006.

Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, ndiyo iliyowapa wasikilizaji uwezo wa kunakili wenyewe, na hapo ndipo tatizo la majina lilipoanza. Santuri ilikuwa na karatasi ya duara katikati iliyotaja bendi, mtunzi, kampuni na namba ya toleo, na mtu asiyejali habari hizo hakuweza kuzibandua bila kuiharibu. Kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni au kutoka kaseti nyingine ilikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, na pengine hakikuandikwa chochote, kwa kuwa mwenye kaseti alizijua nyimbo zake kwa moyo. CD za kuchoma zilizofuata, zikiwa na mchanganyiko wa nyimbo za zilipendwa zilizokusanywa kutoka vyanzo mbalimbali, ziliendeleza mazoea hayohayo, na flashi ikayakamilisha: sasa wimbo hauna hata ganda linaloweza kuandikwa kitu.

Hesabu za uwezo wa vifaa hivi zinaeleza kwa nini vilienea haraka. Katika CD ya muziki, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16 katika kila mkondo wa kushoto na wa kulia, jambo linaloifanya dakika moja ya muziki ichukue takribani megabaiti 10. Mfumo wa MP3, uliobuniwa kwa sehemu kubwa na watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na kupewa kiambishi chake cha faili mwaka 1995, huibana sauti hiyo kwa kuacha sehemu ambazo sikio la binadamu kwa kawaida halizitambui, hasa sauti ndogo zinazofunikwa na sauti kubwa za wakati uleule. Katika kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, ambacho kilikuwa maarufu kwa miaka mingi, dakika ya muziki huchukua chini kidogo ya megabaiti 1, na saa nzima huchukua takribani megabaiti 58. Kwa kiwango hicho, diski ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 17,000 za muziki, ambazo mtu anayesikiliza mchana na usiku bila kupumzika angezimaliza baada ya takribani miaka miwili. Msikilizaji anayetegemea huduma za mtandaoni hutumia megabaiti zilezile 58 kwa kila saa ya kusikiliza katika kiwango hicho, lakini yeye huzinunua upya kwa bando kila anaporudia wimbo uleule, isipokuwa amelipia huduma ya kuuhifadhi kwenye simu. Kwa mvuvi aliye Goziba au Ukara, ambako mawimbi ya simu hayaaminiki wakati wote, hesabu hiyo haihitaji maelezo marefu.

Biashara ya kujaza nyimbo ilijengwa juu ya tofauti hiyo. Katikati ya jiji na kwenye masoko ya pembezoni kama Igoma na Buhongwa, maduka ya steshenari na vibanda viitwavyo laibrari huweka kompyuta yenye diski iliyojaa nyimbo na filamu, na mteja hufika na flashi au memori kadi yake, akataja aina ya muziki anaoutaka, akarushiwa nyimbo kwa makundi: zilipendwa, injili, bongo fleva, rumba ya Kongo, nyimbo za asili za Kisukuma. Kundi la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala wamejenga umaarufu mkubwa vijijini, na sehemu kubwa ya safari ya nyimbo zao imefanyika kutoka kadi hadi kadi na kutoka simu hadi simu. Utamaduni huo wa kurushiana ulikuwa umeota mizizi kabla Spotify haijafungua huduma zake Tanzania mwaka 2021, na ni vigumu kuona sababu ya kuutazama kama dalili ya kuchelewa. Umelingana na mazingira ya umeme unaokatika, bando linalokwisha na wasikilizaji wanaohama na mzunguko wa mwezi, kama ilivyo kwa wavuvi wa dagaa, ambao huvua kwa taa katika usiku wa giza na hupumzika siku za mbalamwezi.

Hata hivyo, kifaa cha kujitegemea kina tabia zake, na asiyezijua hulaumu nyimbo kwa kosa la mashine. Diski kuu ya kawaida ya inchi 2.5 ina sahani ngumu ndani yake ambazo aghalabu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu ya sahani kwa umbali unaopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Ili sahani zianze kuzunguka kutoka kusimama, diski huhitaji kwa muda mfupi mkondo wa umeme unaoweza kukaribia ampia 1, ilhali tundu la USB la kizazi cha 2.0, ambalo ndilo linalopatikana kwenye sabufa nyingi za bei nafuu, limewekewa kiwango cha miliampia 500. Matokeo yake ni diski inayotoa mlio mdogo wa kujaribu kuamka kisha ikanyamaza, na mwenyewe akadhani imekufa. Dawa yake ni kuipatia diski umeme wake wa pembeni, kwa kutumia kigawio cha USB chenye adapta yake, au kuachana na diski ya kuzunguka na kutumia diski ya elektroniki tupu, isiyo na kitu kinachotembea ndani yake. Diski ya aina hiyo inafaa zaidi kwa mtumbwi wa injini au kwa basi la kwenda Ukerewe, kwa kuwa mtikisiko ndio adui mkubwa wa kichwa kinachoelea.

Kikwazo cha pili ni namna diski ilivyopangwa ndani, yaani mfumo wa faili, ambao ndio utaratibu unaoiwezesha mashine kujua kila faili inaanzia wapi na kuishia wapi. Redio na sabufa ndogo nyingi huelewa mfumo wa zamani uitwao FAT32 peke yake, lakini diski kubwa zinazouzwa siku hizi aghalabu huwa zimepangwa kwa NTFS au exFAT, na kwa hiyo diski yenye nyimbo elfu kumi hutangazwa na mashine kuwa tupu. Aliyejaza diski hiyo kwa miezi kadhaa hana budi kuzihamisha nyimbo zote mahali pengine, kuipanga diski upya, kisha kuzirudisha. Zaidi ya hapo, mashine ndogo hazipangi nyimbo kwa alfabeti wala kwa jina la msanii. Huzipiga kwa mfuatano wa orodha iliyo ndani ya diski, ambao kwa kawaida ni mfuatano ule faili zilivyonakiliwa, na kwenye kioo chake kidogo huonyesha namba tu. Wasikilizaji wamezoea kukariri kwamba wimbo fulani ni wa 347, na siku laibrari inapofuta baadhi ya nyimbo na kuongeza mpya, namba zote hupotea maana.

Ubora wa sauti nao hauathiri kila aina ya muziki kwa namna moja, na jambo hili halijapewa uzito wa kutosha katika ukanda wenye ngoma za aina hii. Udhaifu wa MP3 iliyobanwa sana hujitokeza zaidi kwenye sauti zinazoanza ghafla na kwa ukali, ambazo hutanguliwa na mchakacho mwepesi, kama mwangwi uliofika kabla ya mlio wenyewe. Ndiyo maana wahandisi waliopima mifumo hiyo walipenda kutumia kastaneti, vipande vya mbao vinavyogonganishwa na wachezaji wa Hispania. Ngoma ya bugobogobo, ambayo Wasukuma huicheza kwa majembe huku njuga zikilia miguuni na mapigo ya ngoma yakifuatana kwa kasi, ina sauti za namna hiyo kuliko wimbo wa taratibu wa bendi, na kwa hiyo faili ya kilobiti 64 au 96 inayovumilika kwa rumba huugeuza mlio wa njuga kuwa kitu kinachofanana na mvua juu ya bati. Hali huwa mbaya zaidi faili iliyokwisha kubanwa inapochomwa kwenye CD, kisha CD hiyo ikabanwa tena kuwa MP3, na hatimaye ikarushwa kwa simu inayoibana kwa mara ya tatu. Kunakili faili kama ilivyo hakuipunguzii chochote. Kuibana upya ndiko kunakoila. Mwenye kugeuza kaseti au santuri kuwa faili hana budi kuihifadhi nakala ya kwanza bila kuibana, au kutumia FLAC, mfumo ulioanza kupatikana mwaka 2001 ambao hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza sauti yoyote, na kutengeneza MP3 kutoka hapo kwa ajili ya redio ya flashi.

Suala la majina lina uzito zaidi ya umeme na ubora wa sauti, kwa sababu tundu lenye nguvu ndogo hurekebishwa kwa adapta, wakati jina lililosahauliwa hurekebishwa na mtu aliye hai anayelikumbuka, ikiwa bado yupo. Ndani ya faili ya MP3 mna sehemu ndogo ya maandishi iitwayo ID3, ambayo ilibuniwa mwaka 1996 ili mashine iweze kuonyesha jina la wimbo, la msanii na la albamu, na katika toleo lake la kwanza kila jina lilitengewa nafasi ya herufi 30 tu. Matoleo yaliyofuata yaliondoa ufinyu huo, yakaruhusu hata mashairi ya wimbo mzima, lakini yaliacha dhana ya msingi palepale, kwamba muziki una msanii mmoja, albamu moja na jina moja. Muziki wa Tanzania haukai kwenye visanduku hivyo kwa urahisi. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi ikiitwa NUTA Jazz iligeuka JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, kila mara jina likifuata mabadiliko ya chama chenyewe, na hatimaye ikajulikana kama Msondo Ngoma, na kicheza muziki kinachopanga kwa jina la msanii huifanya bendi hiyo moja kuwa nne. Mbaraka Mwinshehe, ambaye aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, huonekana kwenye diski moja kwa tahajia tatu au nne. Misiani huandikwa D. O. Misiani, Owino Misiani, D.O. 7 au Shirati Jazz, na mtafutaji hulazimika kuyajua majina hayo yote kabla ya kuanza kutafuta.

Kwa nyimbo za Kisukuma ugumu ni wa aina nyingine kabisa. Tangu karne ya 19 vyama vya ngoma vya Wasukuma vimegawanyika katika pande mbili kubwa zinazoshindana, Bagika na Bagalu, ambazo hupambana hasa baada ya mavuno kwa kucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na upande unaovuta watazamaji wengi zaidi ndio unaoshinda. Wimbo wa mashindano hayo una manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kuimba. Una upande wake. Una chama chake, kwa mfano Bayeye, ambao ni wategaji wa nyoka, au vikundi vya kulima kwa ngoma. Una mahali, na mara nyingi una mshindani anayetaniwa au kudhihakiwa ndani ya mashairi. Asiyejua kwamba wimbo ni wa Bagalu, na kwamba unamlenga manju fulani wa Bagika, husikia sauti nzuri na kukosa shabaha yote ya maneno. Visanduku vya msanii, albamu na jina la wimbo havina mahali pa kuweka lolote kati ya mambo hayo, na hata jina lenyewe huyumba: mtu aitwaye Ng'wana fulani huandikwa Ngwana, Mwana, au Ng'wana yenye alama tofauti ya ritifaa, na kwa mashine hayo ni majina matatu yasiyohusiana.

Mfano wa namna kazi hii inavyoweza kufanywa vizuri upo, na unahusu eneo hilihili. Mwanazuoni wa muziki Frank Gunderson, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida nchini Marekani, aliishi Usukumani katika miaka ya 1990 akikusanya nyimbo za kazi, na kitabu chake kilichotoka mwaka 2010 kina nyimbo zaidi ya 300 zikiwa na mashairi kwa Kisukuma, tafsiri, na maelezo kuhusu watunzi na vyama: wawindaji, wapagazi, wategaji wa nyoka, wakulima. Kabla yake, Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na vyombo vyake vya kurekodia, akakusanya muziki wa Wasukuma na wa Wahaya miongoni mwa wengine, na rekodi zake zikaingia katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo tangu 1978 imekuwa chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Tracey aliandika kadi kwa kila wimbo akitaja mahali, tarehe, kabila, waimbaji na ala. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na pengine ndiyo inayozipa rekodi hizo thamani kubwa kuliko utaalamu wake wa kuweka maikrofoni. Kwa upande wa muziki wa bendi, kanda za RTD zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na mwanzoni mwa muongo wa 2010 mradi wa Tanzania Heritage Project, uliozinduliwa na Rebecca Corey na Benson Rukantabula, uliuamsha umma kuhusu haja ya kuzigeuza kanda hizo kuwa za kidijiti kabla tepu hazijachakaa.

Kuchakaa huko si maneno ya kutisha watu. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku kwenye tepu nyingi, hasa za miaka ya 1970 na 1980, hunyonya unyevu wa hewa na kuvunjika taratibu, hata tepu ikawa inanata na kuacha uchafu kwenye kichwa cha mashine. Mafundi huikausha kwa joto dogo lililodhibitiwa ili ipigike kwa muda mfupi wa kunakiliwa. Mji ulio ufukweni mwa ziwa una unyevu wa kutosha kudhuru pia kaseti zilizofungiwa kabatini. Viwango vya kimataifa vya uhifadhi wa sauti vinashauri kunakili kwa vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde na biti 24, na taasisi nyingi hutumia 96,000. Kwa kiwango hicho cha juu saa moja ya muziki wa mikondo miwili huchukua takribani gigabaiti 2, na diski ileile ya terabaiti 1 iliyobeba saa 17,000 za MP3 hubeba chini ya saa 500. Tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya nakala ya kuhifadhi na nakala ya kusikiliza, na ni kosa la kawaida kuzichanganya. Diski iliyochomekwa kwenye sabufa, inayozimwa ghafla kila umeme unapokatika na kubebwa mfukoni kutoka harusi hadi harusi, ni ya kusikilizia. Haipaswi kuwa mahali pekee palipo na rekodi ya babu.

Kwa kuwa nakala ya kusikiliza ni nyepesi na ya bei nafuu, ndiyo inayofaa kurudishwa ufukweni. Kituo cha Bujora, kilichoko Kisesa kandokando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, kilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, na Makumbusho ya Wasukuma yaliyomo humo yalifunguliwa mwaka 1968; hapo huchezwa ngoma za sikukuu ya Bulabo, na hapo Bagika na Bagalu bado hukutana. Mahali kama hapo, au studio ya redio ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe, panaweza kuwa na kicheza diski chenye kioo kinachoonyesha maandishi kamili, badala ya namba, na kisichotegemea intaneti kufanya kazi. Gharama ya mashine ya namna hiyo imeshuka mno tangu kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kadi ya benki, ilipoanza kuuzwa mwaka 2012, kwani programu za bure huigeuza kuwa kicheza muziki kinachotafuta kwa jina na kinachotosheka na umeme wa sola.

Sheria nayo inaingia hapa kwa namna ambayo wenye laibrari hawaipendi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kiasi kwamba nyimbo alizotunga Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, bado zina wenyewe, na zile za Misiani zitakuwa nao kwa miongo kadhaa ijayo. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Kumrushia mteja nyimbo 500 kwa malipo, bila mtunzi yeyote kuambulia kitu, hakuna utetezi wa kisheria, hata kama ni kweli kwamba vibanda hivyo vimezifanya nyimbo nyingi ziendelee kusikika ambazo hakuna kampuni iliyokuwa inaziuza. Lakini hata siku mirabaha itakapogawanywa kwa haki, ugawaji huo utahitaji kujua wimbo ni wa nani, na faili inayoitwa Track 07 ndani ya folda inayoitwa Mchanganyiko Mpya haisemi.

Kwa hiyo mpangilio wa kuzitafutia nyimbo hizi majina una mahali pake pa kuanzia. Nyimbo za bendi zinaweza kusubiri kidogo, kwa sababu santuri zake bado zimo mikononi mwa wakusanyaji, na karatasi za katikati ya santuri hizo zinasomeka. Nyimbo za ngoma zilizorekodiwa kwa kaseti katika viwanja vya Magu, Kwimba na Misungwi hazina karatasi wala toleo, na waliozicheza wakiwa vijana katika miaka ya 1960 na 1970 sasa ni wazee. Redio ya flashi ikipigwa mbele yao, na kifaa kingine kikiwa wazi kurekodi wanachokisema kuhusu manju, upande na uwanja, kazi ya alasiri moja huweza kuzipa majina faili kadhaa ambazo programu yoyote ya kompyuta isingeweza kuzitambua.